Swali Ambalo Wakonyo Hakuwahi Kuliuliza

Watu wa Endarasha walimwita Wakonyo daktari, naye alishachoka kuwaambia kwamba hakuwa daktari. Alikuwa afisa wa mifugo mwenye cheti cha miaka miwili, basi. Lakini mtu akikutolea ndama aliyekwama tumboni mwa mamake, mvua ikimnyeshea na mikono imejaa matope, hutamuuliza habari za vyeti. Kwa miaka thelathini na mmoja alipanda na kushuka vilima vya Kieni akiwa na gambuti zake, mkoba wa dawa na daftari la jalada gumu, mpaka magoti yakagoma. La kushoto lilianza, la kulia likaliunga mkono, na alipotimiza miaka sitini serikali ikamwambia ahsante, nenda kapumzike.

Kupumzika kwenyewe kukamshinda. Alikaa kibarazani na blanketi miguuni, maana baridi ya Endarasha haina adabu, akawatazama vijana wakipita na simu zao. Zamani wangekata kona waingie kwake. Siku hizi waliuliza simu, ile mashine maarufu ya kujibu maswali ambayo dunia nzima inaizungumzia. Nayo iliwajibu vizuri sana, kwa vipengele saba vilivyopangwa kwa nambari, mambo ya watu wenye mashamba ya kumaliza upeo wa macho. Siku moja jirani yake Watiri alimsomea jibu alilopewa kuhusu ng'ombe wake anayeharisha. Aliambiwa alihamishie kundi lake kwenye malisho ya upande wa pili wa shamba. Watiri alikuwa na robo ekari, na kabeji zilifika mpaka mlangoni.

"Upande gani huo wa pili, daktari?" Watiri aliuliza. "Ule wa choo?"

Wakonyo alicheka, lakini usoni tu. Ndani ya nyumba alikuwa na sanduku la bati lenye madaftari thelathini na moja, moja la kila mwaka wa kazi. Humo mlikuwa na kila ng'ombe aliyewahi kumshika, ugonjwa wake, alichompa na kilichotokea. Nani angeyasoma? Alijua jinsi mambo huenda. Siku akizikwa, mtu angehitaji karatasi ya kuwashia moto wa kupikia waombolezaji, na hapo ndipo miaka thelathini na mmoja ingeishia. Kufa hakukumtisha. Huo moto ndio uliomnyima raha.

Aliyeliokoa sanduku ni Anita, binti wa kaka yake, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja mjini Nyeri. Alikuja Jumamosi moja kumtembelea, akafunua madaftari mawili matatu, akakaa chini sakafuni.

"Tata, hii ni data," alimwambia shangazi yake.

"Hiyo ni madaftari."

"Ndiyo, tata. Data."

Mpango wa Anita ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuufanya. Ziko mashine ndogo za kujibu maswali, alisema, ambazo waliozitengeneza wamezitoa bure, mtu yeyote azichukue na kuzifundisha anachotaka. Wangechukua moja, waifundishe madaftari, waiweke kwenye kompyuta kuukuu katika chumba cha nyuma cha ushirika wa maziwa, karibu na tangi la kupozea. Mkulima angepiga simu, hata ile ya kabambe isiyo na intaneti, aongee Kiswahili chake na Kikuyu chake vikichanganyika, na mashine imjibu kwa mdomo.

"Ile kubwa inajua kila kitu kidogo kidogo," Anita alisema. "Yetu haitajua mpira, haitajua siasa, haitakuandikia barua ya mapenzi. Itajua tu ng'ombe ya Kieni."

"Na itaongea na sauti ya nani?"

Anita akamtazama shangazi yake, akatabasamu.

Basi Wakonyo akatumia Jumamosi tatu katika chumba cha wazee wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa blanketi, akirekodiwa akisoma kwa sauti mpaka koo likakauka. Anita naye alipiga picha kurasa, akachapa, akasahihisha, akalalamikia mwandiko. Ilichukua miezi mitano. Wakonyo hakuwa amefurahi hivyo tangu aache kazi, na alipokuwa peke yake jikoni alijikuta akiimba.

Ushirika wenyewe uliitwa Mwihoko, na mwenyekiti wake alikuwa Theuri. Theuri alikuwa mtu wa kofia pana na simu pana. Ile mashine maarufu alikuwa nayo mfukoni na aliisifu kana kwamba aliizaa yeye. Alikubali majaribio ya wiki nne, shingo upande. Mwisho wa majaribio mkutano wa mwaka ungeamua: ama mashine ya Wakonyo ibaki na chumba chake na stima yake, ama chumba kigeuzwe stoo ya chumvi ya ng'ombe na kila mwanachama aulize simu yake. Upande aliokuwako Theuri haukuhitaji kutafutwa.

Tena Theuri alikuwa na lake. Zizi lake lilizungushiwa mabati pande zote mpaka juu, na hakuna aliyewahi kuingia. Hata Wakonyo, katika miaka yote ile, aliletewa mgonjwa nje kwenye geti, amefungwa kamba, kama anayetolewa mahabusu kwenda kusomewa mashtaka. Alimtibu hapohapo barabarani, akarudi zake.

Siku ya kwanza ya majaribio simu zilimiminika. Ya pili zikapungua. Kufikia siku ya tano mashine ilikuwa inangoja tu kama bibi arusi aliyeachwa kanisani, na jambo jingine likaanza ambalo Wakonyo hakulielewa. Watu walianza kumnunia. Ngendo, aliyeimba naye kwaya kwa miaka kumi na tano, alimwona kwa mbali akavuka barabara. Watiri, ambaye huleta mboga za sukuma na kukaa mpaka chai iishe, alipitisha sukuma juu ya ua, akasema yuko na haraka. Jumapili baada ya ibada watu walimsalimu kwa heshima zote, wakaondoa mikono yao upesi. Wakonyo aliumia. Alirudi nyumbani akanusa nguo zake. Zilinuka sabuni tu. Akajiambia pengine ndivyo uzee unavyokuja, unaamka siku moja na watu hawana haja nawe.

Jumamosi ya pili Anita alifika uso ameukunja.

"Tata, watu wanakata simu. Almost wote. Sekunde arobaini hivi, wanakata. Mimi nafikiria ni network."

"Network ya hapa inakata ikitaka, haiangalii saa," Wakonyo alisema. "Weka moja nisikie."

Simu za majaribio zilikuwa zinarekodiwa, na jambo hilo lilitangazwa kanisani Jumapili mbili, kwa hiyo haikuwa siri. Anita akabonyeza kompyuta. Wakonyo akasikia sauti yake mwenyewe, nyororo, ya mtu aliyelala vizuri.

"Habari ya asubuhi. Huko kwenu kumenyesha?"

"Kumenyesha kidogo, daktari!" Huyo alikuwa Ngendo, na furaha ilikuwa tele kooni. "Haiya, ni wewe kabisa!"

"Mimi ni mashine ya Wakonyo. Ng'ombe ana shida gani?"

"Hii yangu nyeusi imekataa kula tangu jana."

"Pole sana. Una ng'ombe wangapi?"

Kuku alilia mahali fulani. Ngendo akarudi kwa sauti ndogo, "Ati nini?"

"Una ng'ombe wangapi?"

Simu ikakatwa.

Wakonyo alihisi joto likimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. "Uui! Nani ameambia hii kitu iulize watu hivyo?"

"Hakuna mtu, tata. Imejifunza kwa madaftari. Kila page, mstari ya kwanza ni jina, kijiji, na idadi ya ng'ombe. Sasa kabla haijajibu, inauliza ile kitu iko mstari ya kwanza."

Wakonyo akavuta daftari, akalifungua popote. *Ngendo, watatu na ndama.* Mwandiko wake mwenyewe. Ofisi ya Nyeri ilitaka idadi, naye aliijaza katika kila ukurasa kwa miaka thelathini na mmoja bila kukosa, isipokuwa kurasa za Theuri tu. Lakini hakuwahi kumuuliza mtu. Hata siku moja.

"Kwani si ni swali tu?" Anita aliuliza. Tusimlaumu. Alilelewa Skuta, mjini Nyeri, maziwa wakinunua ya pakiti.

"Mali ya mtu haihesabiwi kwa mdomo," Wakonyo alisema. "Ng'ombe, mbuzi, hata watoto. Ukihesabu ni kama unaita kitu ikuje ipunguze. Cucu yako, mama yangu, hata karani wa sensa akimuuliza ako na watoto wangapi, alikuwa anamwambia, niko na Mugo, niko na Wachuka, niko na Wakonyo, mpaka anamaliza. Karani ajihesabie."

"Na wewe unaamini hiyo, tata?"

"Kuamini ni maneno ingine. Hii ni adabu."

"Sasa ulikuwa unajua aje idadi?"

Hapo Wakonyo akafunga macho, na ilibidi afikirie, maana hakuwahi kujiuliza. Alijiona akiingia bomani kwa mtu. Anasalimu. Anaulizia mvua. Analetewa kiti na kikombe cha chai, na chai ile anaikunywa polepole kuliko kiu yake. Wakati huo macho yanazunguka. Kamba ngapi zimefungwa kwenye nguzo. Nyasi ya jana imebaki kiasi gani. Kinyesi kimelundikana namna gani. Akimaliza kikombe anajua hesabu yote, na mwenye boma hajasumbuliwa. Jioni nyumbani ndipo anaandika. Kile alichokipata aliandika. Namna alivyokipata hakuandika popote, maana ni nani huandika kwamba alitazama?

"Nilikuwa nakunywa chai," alimwambia Anita, "macho ikifanya kazi."

Akaelewa pia kwa nini alinuniwa. Watu walidhani ni yeye aliyeituma mashine iulize hivyo. Sauti ni yake, jina ni lake. Walidhani daktari amezeeka vibaya, amepoteza adabu, na kwa sababu walimheshimu hakuna aliyeweza kumwambia usoni. Wakonyo akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, machozi yakamtoka, na Anita akacheka kwa kumwona anavyocheka. Halafu kicheko kikakatika, maana zilibaki wiki mbili na chumba kilikuwa kinangojewa na chumvi.

"Tutoe tu hiyo swali," Anita alisema.

"Hapana. Lazima nijue. Ng'ombe ikikohoa na iko peke yake, hiyo ni dawa moja. Ikikohoa na iko na wengine, lazima itengwe."

"Na mashine haina macho."

"Haina."

Chai ikapoa. Anita alikuwa ameanza kukusanya nyaya zake aliposikia shangazi yake akigonga meza kwa kiganja. Wakonyo alikuwa anamfikiria mamake na yule karani wa sensa.

"Andika hivi," alisema. "Iulize, huyo mgonjwa anaitwa nani? Halafu iulize, na anaishi na nani?"

Anita akakaa chini tena. "Watataja majina."

"Watataja majina. Kutaja si kuhesabu. Mashine ijihesabie, na inyamaze."

Kuifundisha upya kulichukua siku tatu. Wakonyo hakungoja ziishe. Alichukua mkongojo wake akajikokota hadi kwa Ngendo, akaketi, akanywa chai, akaeleza kila kitu, pamoja na habari ya kikombe na macho yake. Ngendo alishika kifua. Kisha akapiga kofi na kuangua kicheko. "Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unatuhesabu kwa chai!" Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika kila nyumba inayokamua, kwa kuwa Ngendo hajawahi kukaa na jambo hata dakika moja. Kesho yake Watiri alileta sukuma na akakaa mpaka chai ikaisha. Wakonyo alilala usingizi mzuri.

Simu zikarudi, na safari hii hazikukatwa. Ilionekana watu walikuwa na hamu ya kuulizwa majina ya ng'ombe wao. "Anaitwa Njeru," alisema mama mmoja, "anaishi na Karembo, na ndama ya Karembo, hiyo tumeita Gavana juu ya vile inakula tu." Mashine ikamwambia pole, ikamwambia amtenge Njeru na Karembo, na Gavana asikaribie maji ya Njeru. Wakonyo alisikiliza na kutikisa kichwa. Ndivyo hasa angesema.

Alhamisi ya wiki ya mwisho, siku mbili kabla ya mkutano, Wakonyo na Anita walikuwa katika chumba cha nyuma wakati maziwa ya asubuhi yanapokelewa. Simu ikaingia, Anita akaiweka kwenye spika.

"Hallo." Sauti ilikuwa nzito. Anita akatoa macho. Ilikuwa ya Theuri.

"Habari ya asubuhi. Huko kwenu kumenyesha?"

"Wacha mvua. Ng'ombe imelala na haiamki. Hii simu yangu kubwa imenipa kurasa mbili, sijui nianzie wapi, na Mburu, daktari wa mifugo, hajashika simu."

"Pole sana. Huyo mgonjwa anaitwa nani?"

Wakonyo alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mkono wake ulitaka kuchukua ile simu na kuongea mwenyewe, lakini hakuuruhusu.

"Mumbi," Theuri alisema, na sauti ikalegea. "Anaitwa Mumbi."

"Mumbi amezaa lini?"

"Jana jioni."

"Mguse masikio. Ni baridi?"

"Baridi kabisa."

"Shingo ameikunja kuelekea ubavuni?"

"Ndiyo, ndiyo. Hivyo hivyo."

"Hiyo inaonekana ni homa ya maziwa. Mwinue akae kwa kifua, weka gunia zenye nyasi ubavuni ili asilale upande. Usimpe kitu kwa mdomo, usimkamue. Anahitaji sindano ya kalsiamu kwa mshipa, na ni daktari wa kumpa. Mpigie Mburu tena, na mwambie habari ya hayo masikio."

Wakasikia akiita watu, gunia zikiburutwa, mtu akihema. Baadaye akarudi kwenye simu. Mburu alikuwa ameshika, alisema, alikuwa njiani na pikipiki. Angeweza kukata hapo. Hakukata.

"Vizuri," ilisema sauti ya Wakonyo. "Mumbi anaishi na nani? Wengine wakila chakula kimoja na wako karibu kuzaa, nao waangaliwe."

Kisha Theuri akaanza, polepole, kama anayesoma majina ya waliobatizwa.

"Njiru. Malkia. Ndune..."

Wakonyo akainuka. Magoti yakapiga kelele, hakuyajali. Alifungua mlango akatoka nje, akasimama katikati ya mikebe ya maziwa. Miaka thelathini na mmoja alitamani kujua kilichokuwa nyuma ya yale mabati, na sasa kilikuwa kinatajwa kimoja kimoja nyuma ya mgongo wake. Akaanza kuimba wimbo wa kwaya, kwa sauti ya kutosha kuyafunika masikio yake, na macho akayakaza kwa kijana aliyekuwa akisuuza mkebe. Aliimba ubeti wa kwanza na wa pili na wa tatu. Aliporudi ndani simu ilikuwa imeisha.

"Tata," Anita alisema, "mwisho amesema asante daktari. Ameambia mashine asante daktari."

Wakonyo aliketi, akajifuta macho na ncha ya leso. Hakuuliza majina mengine.

Jumamosi jua lilitoka, na wanachama wakajaa uwanja wa ushirika. Karani Wamae alisoma ajenda mpaka akafika kwenye chumba cha nyuma. Ili mkutano uamue, alisema, ni vizuri ijulikane ni wanachama wangapi walisaidiwa na mashine hiyo. Aliomba wainue mikono, naye angepita akihesabu.

Theuri akasimama. Wakonyo, aliyekuwa safu ya mbele na miguu ameinyoosha, akaikunja. Mtu huyu mwenye kofia hakutabirika.

"Kuhesabu nini, Wamae?" Theuri alisema. "Hutahesabu watu hapa. Mtu ambaye ng'ombe yake imesaidiwa, ataje jina ya ng'ombe. Jina tu, halafu akae."

Watu wakatazamana. Ngendo akawa wa kwanza, kama ilivyotarajiwa. "Njiru wangu!"

"Njeru," akasema mwingine.

"Daisy."

"Kairu na mamake."

"Gavana! Hata yeye alishikwa na tumbo." Uwanja ukacheka, na majina yakaendelea kuja kutoka safu za nyuma, kutoka kwa waliosimama ukutani, kutoka kwa mzee ambaye Wakonyo hakujua ana simu. Wamae aliandika mpaka akageuza karatasi. Kando ya Wakonyo, Anita alikuwa amechangamka, anakunja vidole kimoja kimoja, midomo ikicheza. Wakonyo akaufunika mkono ule kwa mkono wake, akaushusha kwenye paja.

"Wacha," alimnong'oneza. "Wametosha."

Majina yalipokwisha Theuri alikuwa bado amesimama. Alivua kofia, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona.

"Mumbi," alisema. "Amesimama, na anakula. Chumba ibaki vile iko." Akageuka kumtazama Wakonyo, akakohoa. "Na daktari, Jumatatu kuja kwangu ukunywe chai. Ndani ya boma. Si kwa geti."

Wakonyo alilia mbele yao, wala hakuona haya. Kisha akajipangusa uso.

"Nitakuja, mwenyekiti," alisema, "lakini nitakuja nimefunga macho."

Ngendo ndiye aliyeanza kucheka, kisha Watiri, kisha uwanja wote, na Theuri akacheka kuliko wote, kofia mkononi. Jumatatu asubuhi pikipiki ilikuja kumchukua Wakonyo. Alikunywa chai bomani kwa Theuri, vikombe viwili, akimtazama Mumbi peke yake.